Mwaka Nilipojua Wizi Ni Nini

Tulipomaliza kumzika Feza, mwezi uliopita, tulikaa matanga kwa watoto wake, karibu na soko la Baraka, na siku ya pili mjukuu wangu Furaha akafika kutoka Bukavu na begi lake la vitabu. Anasoma sheria. Nalisema kwa kila anayetaka kusikia na kwa asiyetaka pia: mjukuu wangu anasoma sheria, mwaka wa pili, na hakuna aliyempa ile nafasi isipokuwa kichwa chake mwenyewe. Alikuwa na mtihani wiki inayofuata, basi akakaa na sisi wazee juu ya mkeka, nyuma ya nyumba, pale bamama walipokuwa wakichambua sombe, yale majani ya muhogo, akawa anajisomea kwa sauti ndogo, Kifaransa kwanza, kisha anajifasiria kwa Kiswahili. Akasema, wizi ni kuondoa kitu cha mwenzako, halafu akakwama, akatazama juu kama wanafunzi wanavyofanya. Nikamwambia bila kuacha majani yangu: "Kitu ya kubebeka. Na nia ikuwe mubaya. Nia ikikosa, hakuna wizi." Akanitazama kana kwamba ng'ombe wa Minembwe amefungua mdomo akasalimia. "Koko, ulisoma hiyo wapi? Weye hata mwaka ya tatu ya école haukumaliza." Bamama wakacheka, matanga au si matanga. Nikamwambia nilisoma jikoni, nikiwa na mwiko mkononi. Sikumwambia mbele ya watu kwamba aliyeumia ili mimi nijue ni huyu tuliyemzika. Hilo naliandika hapa.

Nchi ilikuwa ingali inaitwa Zaïre, na mimi nilikuwa na miaka kumi na saba, mwenye mikono ya nguvu na mdomo usiofungwa. Nilipika kwa mzee Asukulu. Alikuwa karani wa mahakama kule Uvira miaka mingi, anaandika yale majaji wanayosema, mpaka akayajua kuliko wao. Alipozeeka akarudi Baraka kuwa mtetezi wa watu. Walimjia kutoka Fizi, kutoka milimani, kutoka Ubwari na mitumbwi, kila mmoja na kesi yake na kuku wake. Nyumba yake ilikuwa na chumba kimoja kikubwa ambacho bado naweza kukitembea nikifumba macho. Meza ndefu ya mbao nyeusi, viti visivyofanana, kabati la karatasi lililojaa harufu ya panya na ya dawa ya mende, dirisha moja linalotazama ziwa, na kando ya dirisha mlango wa kwenda jikoni kwangu. Mzee alikula saa sita kamili. Alitafuna polepole kwa sababu meno yalikuwa yamebaki machache, na kila siku isipokuwa Jumapili alikula na Inspekta Lubunga, mtu mkubwa wa mabega na wa sahani, polisi aliyekuwa akijiandaa kwa mtihani wa Uvira ili apandishwe cheo. Mzee alimfundisha bure. Nadhani alitaka tu mtu wa kuongea naye wakati wa chakula, maana mke wake alikuwa amekufa na mimi sikuhesabiwa.

Mzee alikuwa na njia yake ya kufundisha. Alisema kila kosa ni kama bugali: kuna vitu lazima viwepo vyote, kimoja kikikosekana huna chakula, una vitu tu. Nakumbuka siku ya kwanza aliponiita kutoka mlangoni. "Mapendo, kama uko na unga, uko na maji, moto haiko, unakula nini?" Nikamjibu: "Ninaenda kula ya jirani." Inspekta akacheka mpaka akakohoa. "Unaona, Mwalimu? Njo vile wizi inaanza." Mzee naye akacheka, akapangusa midomo, akaendelea. Kukamata kitu ni unga, akasema. Kitu kiwe cha mwenzako, hayo ni maji. Nia ya kukifanya chako huku ukijua si chako, huo ni moto. Bila moto, una unga uliolowa. Kuanzia siku ile nilikuwa nachelewesha maji ya kunawa makusudi, nikisimama mlangoni na beseni, ili nisikie mwisho wa somo. Nilisikia tofauti ya mtu anayechukua nyavu zako usiku na fundi uliyempa nyavu kwa mkono wako azishone, akaziuza: wa kwanza ni mwizi, wa pili amevunja uaminifu, na sheria inawaita majina mawili. Nilisikia habari ya tapeli, ambaye hakunyang'anyi, anakudanganya mpaka unampa mwenyewe huku unamshukuru. Nilisikia kwamba watu wawili wanaweza kupigana ufukweni, mmoja akaanguka na kichwa juu ya jiwe akafa, na bado aliyempiga si muuaji kama hakutaka afe. Ana kosa, tena kubwa, lakini jina lake ni lingine. Inspekta aliandika yote katika daftari lililojaa madoa ya mawese. Mimi wakati ule sikujua kuandika zaidi ya jina langu; mengine nilijifunza ukubwani. Niliweka kichwani.

Na kichwa kikavimba, niseme ukweli. Jioni nilipokwenda ufukweni kununua samaki nilikuwa naamua ugomvi wa bamama ambao hawakuniita. Mama mmoja akilalamika kwamba jirani amekaa na sufuria yake miezi miwili, mimi nasema: hiyo si wizi, ulimpa na mukono yako. Walinipa jina la Jaji wa Sombe. "Mupishe Jaji apite," walisema, "ana kesi ya chumvi." Aliyecheka kuliko wote alikuwa Feza. Alikuwa amenizidi miaka mitatu hivi, mwembamba, mweusi wa kung'aa, ana mtoto wa kike wa miezi minne aliyeitwa Zawadi, na mume aliyekwenda kutafuta dhahabu milimani na ambaye habari zake zilikuja kwa nadra. Alikuwa akikausha ndakala, wale dagaa wa ziwa letu, na kuuza. Kwake nilikula mara nyingi kuliko nilivyokula kwa Mzee, maana kwa Mzee nilikula baada ya Inspekta, na baada ya Inspekta hapakubaki mengi.

Lazima nieleze desturi yetu ya mvua, la sivyo hamtaelewa. Ndakala wanaanikwa juu ya mchanga, kila mama na sehemu yake, hakuna uzio, hakuna alama, kila mtu anajua tu. Mvua ya kwetu inashuka kutoka milimani bila kupiga hodi. Ikianza kunukia, hakuna wakati wa kumtafuta mwenye samaki. Aliye karibu anakusanya, wake na wa mwenzake, anakimbiza ndani ya nyumba yake. Mwenyewe akija, anapewa. Na aliyekusanya anachukua kiganja kimoja, anapika siku ile ile, hakuna anayeuliza. Hatukuwa na jina la desturi hii. Nani anatoa jina kwa kukimbia mvua?

Mwaka ule alikuja kwetu Mama Zaituni, mke wa mwenye mitumbwi, Mwislamu, mtu wa Kalemie. Mwanamke msafi, wa kanga mbili, mwenye sauti ya kuamuru na mkono mtamu wa pilau. Kule kwao, alisema, samaki wanaanikwa ndani ya ua na mtu hagusi cha mwenzake. Siku moja nilianza kumfafanulia habari ya tapeli, hakuniuliza, na yeye akageukia wenzake akasema, mimi nikisikia: "Kwetu wapishi wanapika. Hapa naona wanahubiri." Bamama walicheka, na safari ile sikucheka nao. Niliibeba ile kauli kama jiwe ndani ya kiatu.

Mvua iliyoleta mambo ilianguka wakati Mama Zaituni yuko Ubwari, amekwenda kwa wifi yake aliyejifungua. Nilikuwa napita na ndoo ya maji kichwani. Nilimwona Feza kwa macho yangu, mtoto mgongoni, anazoa samaki wake, halafu anazoa wa Mama Zaituni, anakimbia. Jioni nilikula kwake. Alikuwa ametia kile kiganja ndani ya sombe, na mawese mapya, na sijui kama nimewahi kula sombe tamu kuliko ile. Kitunga cha Mama Zaituni kilikuwa pembeni, kimefunikwa kwa kitambaa chake yeye mwenyewe, kile alichokuwa ameacha juu ya mchanga. Feza akanionyesha kwa kidevu. "Weye unapita kwake kila asubuhi ukienda kuchota maji. Akirudi, mwambie samaki zake ziko kwangu. Mvua ikiendelea nitazipandisha juu ya moto, zisioze." Nikaitikia na bugali mdomoni.

Mama Zaituni alirudi siku ya pili yake, asubuhi. Nilimwona akifagia mlangoni pake. Nilisimama na ndoo yangu tupu, hatua kumi kutoka kwake, yeye akainua macho, mimi nikakumbuka wapishi wanapika, nikajiambia: nitamwambia nikirudi. Nikirudi alikuwa ameingia ndani. Saa sita Mzee alikuwa anafundisha habari ya sumu, jinsi sheria inavyomtazama mtu anayeua kwa sumu, na nilisimama na beseni mpaka maji yakapoa, na yale maneno ya Feza yakatoka kichwani kama moshi kupitia nyasi za paa. Hivyo tu. Watu wanadhani mabaya makubwa yanatendwa na watu wenye roho kubwa mbaya. Mimi nilikuwa nimenuna kidogo, halafu nikasahau.

Alasiri ile ile Mama Zaituni alipita nyuma ya nyumba ya Feza, akaona samaki juu ya chanja, juu ya moto, na kando yake kitambaa chake. Hakuuliza. Kwao, mtu ukimkuta na kitu chako humwulizi, unaita askari. Akaenda moja kwa moja polisi.

Kesho yake Inspekta Lubunga alikuja kula akiwa na furaha kama mwanafunzi aliyeulizwa swali analolijua. "Mwalimu, leo tuko na mufano ya kweli," akasema, akajaza sahani, akaeleza: samaki wameondolewa ufukweni, ni wa Mama Zaituni, wamekutwa kwa Feza. Nilikuwa nimeshika bakuli la sombe. Akanigeukia. "Mapendo, weye unashinda kule. Ulimwona Feza anakamata ile samaki?" Na mimi, Jaji wa Sombe, mbele ya meza ile, nikiulizwa kwa mara ya kwanza kama mtu mwenye akili, nikasema: "Ndiyo, nilimwona. Alizikamata zote, akazipeleka kwake." Nilisema kwa majivuno. Kwetu kusema mtu amekimbiza samaki wa mwenzake ni kumsifu. Inspekta akaandika, akaleta wino kutoka kabati la Mzee, nikaweka kidole. Ndipo nikaona macho yake na nikaelewa nimeweka kidole wapi. Mzee akaacha kutafuna. "Na nia?" akauliza. "Unga ninaona, maji ninaona. Moto iko wapi?" Inspekta akasema: "Mwalimu, moto iko chini ya chanja. Muntu anakaa na samaki ya mwenzake siku mbili, hasemi kitu, anangojea nini, Noeli? Anasema eti alimutuma muntu. Kila mwizi alimutuma muntu." Mzee akauliza huyo mtu ni nani. "Hataki kusema. Anasema hataki kuleta mwingine kwa polisi."

Nilikuwa nimesimama hapo. Ningeweza kusema wakati ule ule, maneno matano tu. Nilikusanya sahani.

Kasho ya Baraka, mahabusu walimomweka Feza na mtoto wake tangu Jumatatu jioni, ilikuwa chumba cha matofali ya udongo nyuma ya ofisi, na tundu moja la kupitisha hewa, upana wa kiganja. Aliyefungwa alilishwa na watu wake, na mtu wa Feza nilikuwa mimi. Nilipeleka bugali na samaki mukeke wa kuchoma, na maji mengi kwa ajili ya maziwa yake. Kupitia tundu nilisikia Zawadi akilia ile sauti nyembamba ya mtoto aliyechoka kulia. Ngozi yake ilikuwa imetoka vipele kwa joto. Feza akala haraka. Kisha akaweka mdomo kwenye tundu. "Ulimwambia, sivyo? Asubuhi ile alirudi." Akajijibu mwenyewe. "Basi ule mama iko na roho mubaya sana. Alijua, na bado akaniita mwizi. Weye usimwambie muntu kama nilikutuma, watakuingiza humu. Mi niko na titi ya kunyamazisha mutoto, weye uko na nini?" Alikuwa anachekesha. Amefungwa, na anatafuta namna ya kunichekesha. Akaniambia askari amemwambia Ijumaa anapanda kamyo, lori la mizigo, kwenda gereza la Uvira, yeye na mtoto, kungoja jaji huko, na jaji anaweza kukawia mwezi, anaweza kukawia mvua nzima. Akaniuliza kama kule Makobola, njiani kwenda Uvira, barabara bado imekatika, maana mtoto hatapenda kurushwa. Nikasema sijui. Nikaondoka na bakuli. Ilikuwa Jumatano.

Nimezaa watoto saba baada ya hapo, nimekimbia vita na vitu vyangu kichwani, nimelala porini na kurudi. Sijawahi kuogopa kama asubuhi ile ya Alhamisi nikisonga bugali. Niliogopa kasho, sitadanganya, kwa sababu nami nilikula wale samaki, na nilikuwa nimemsikia Mzee akisema anayepokea kitu cha wizi naye anafungwa. Lakini zaidi ya kasho niliogopa Feza ajue. Angeweza kwenda Uvira akiamini mimi ni rafiki yake, au kubaki Baraka akijua mimi ni nani. Nilipima yote mawili, na naona aibu kuandika kwamba nilipima kwa muda mrefu, mpaka bugali lilishika chini na likaungua.

Saa sita niliweka chakula, sikutoka. Inspekta alikuwa na tonge nusu njia. Nikasema: "Ule muntu Feza alimutuma, ni mimi." Nikasema yote, kiganja, kitambaa, kitunga, ndoo yangu tupu, hatua kumi. Inspekta akarudisha tonge kwenye sahani, na hilo sikuwahi kuliona kwake. "Kwa nini haukusema juzi? Ulitia kidole."

"Haukuniuliza alizikamata juu ya nini, na nia gani. Uliuliza kama alikamata."

"Mapendo, weye unacheza na mi?"

"Wacha aseme," Mzee akamwambia. Akasogeza sahani, akaanza kuniuliza mmoja mmoja, taratibu, kama aliyekuwa amerudi mahakamani. Alikutuma siku gani? Kabla ya Mama Zaituni kurudi. Samaki walichanganywa na wake? Hapana, kitunga mbali. Alificha? Chanja iko nje, kila anayepita anaona. Alikula? Kiganja, kama sisi wote, na mi nilikula naye. Kisha akamtazama Inspekta. "Mutihani yako njo hii. Muntu anaweka kitu mbali, anakifunika na kitambaa ya mwenyewe, anatuma neno kwa mwenyewe. Anataka kikuwe chake?" Inspekta akatazama daftari lake kwa muda, akapangusa mikono. "Moto haiko," akasema. Hakusema kwa furaha. Niliuliza kuhusu mimi, kwa kuwa nilikula. Mzee akasema kama samaki hawakuibiwa, basi hata aliyekula hakula cha wizi. Inspekta akavuta lile bakuli la sombe akaendelea kula, akasema na bugali imeungua leo.

Mama Zaituni aliitwa alasiri ile. Aliketi pembeni ya meza, kanga imefungwa vizuri, akasikiliza desturi yetu ya mvua mpaka mwisho, Mzee akimweleza. Akasema: "Wallahi, ningeambiwa ningekwenda kwake na sukari kumshukuru. Nani alikuwa aniambie?" Nikasema ni mimi. "Na kwa nini ulinyamaza?" Nikasema: "Nilinyamaza juu ya ile ulisema, wapishi bapike." Akageuza uso. Dirishani ziwa lilikuwa jeupe kwa jua. "Nilisema, ndiyo," akasema. "Na leo nakuongezea. Mdomo wako ni mrefu pale usipofaa, ni mfupi pale unapofaa." Kisha akafunika uso na kanga, na nilipodhani anacheka, alikuwa analia. "Mtoto mchanga," akasema. "Nimemfungisha mtoto mchanga."

Ijumaa asubuhi kamyo ilikuwa imesimama mbele ya polisi, injini inanguruma, mizigo inapakiwa, Inspekta alipofungua kasho. Aliandika karatasi nyingine, nikatia kidole tena, safari hii juu ya maneno yote. Feza alitoka akifinya macho kwa jua, Zawadi kifuani. Alikuwa ameshaelezwa. Hakunitazama, alimtazama Mzee. Akataka Mama Zaituni naye aingie mle ndani, alale siku nne, kwa kumpakaza jina la mwizi mbele ya Baraka nzima. Mzee akamwambia kumsingizia mtu ni kosa, ndiyo, lakini lazima msingiziaji ajue kwamba anadanganya. "Yeye aliamini. Hata kwake moto haiko. Ile ile imekutoa weye, njo inamwacha yeye." Feza akatafakari, akakubali kwa kichwa pole pole. Mama Zaituni alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara na kopo la sukari, hathubutu kuvuka. Kisha Feza akaninyoshea kidole, bado haniangalii. "Na huyu? Huyu iko na kosa gani?" Mzee alichukua muda. Nilimjua, alikuwa akipitia kabati lote la kichwa chake. "Kusahau hakuko mu kitabu," akasema.

"Basi kitabu yenu iko mufupi," Feza akasema, akaenda zake.

Wasomi wengi wamepita nyumbani kwangu tangu siku ile, na sijasikia aliyesema neno lililonyooka zaidi kuliko hilo. Sheria ilimtoa Feza, nami naiheshimu, na nataka Furaha aijue mpaka ndani ya mifupa. Lakini inauliza tu ulichofanya na ulichotaka. Haiulizi ulikuwa umesimama hatua ngapi kutoka kwa mtu, na ndoo tupu, ukanuna.

Wiki zikapita hatuongei. Nikienda ufukweni, bamama walinisalimia, hakuna aliyeniita Jaji tena, na niligundua kwamba jina lile lilikuwa zuri. Na kitu kingine kikabadilika. Mvua iliyofuata ilipokuja, kila mama alikimbilia wake. Wake tu. Mjane mmoja alikuwa amelala na homa, samaki wake walikuwa katikati yetu kabisa, na tulisimama chini ya mapaa, tumekumbatia vitunga, tukawatazama wakilowa mpaka wakawa uji. Kila mmoja alikuwa amejifunza bei ya kugusa. Nilijua nani amewafundisha.

Kisha ikaja Ijumaa moja, adhuhuri. Mama Zaituni alikuwa kwenye sala, samaki wake wametandazwa vizuri, wengi, walikuwa wa siku mbili. Upepo ukageuka. Bamama wakakimbia, wakakusanya, wakarudi chini ya paa la duka, na mchanga wote ukabaki mtupu isipokuwa ile sehemu moja, samaki wanang'aa kama fedha. Matone ya kwanza yakaanguka, makubwa. Tulikuwa kama kumi na wawili, tumesongamana, hakuna anayemtazama mwenzake. Feza alikuwa upande wangu. Hakuchagua, ni nafasi tu. Nikamsikia akivuta pumzi, kama mtu anayeudhiwa na kitu kinachomwasha. Akafungua kitambaa cha mgongoni, akanisukumia Zawadi kifuani. "Kamata," akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza kwangu tangu kasho. Akatoka.

Nilimtazama akiinama katikati ya mvua, peke yake, anazoa samaki wa mwanamke aliyemfungisha, na nikaona yale macho yote yanayomtazama, na nikajua kila jicho linaweza kesho kuwa kidole juu ya karatasi. Nikasogea mpaka ukingoni mwa paa, maji yakinipiga usoni, nikapaza sauti yangu yote. "Bamama, mutazame muzuri. Feza anakamata samaki za Mama Zaituni. Anazikamata ju ya mvua. Anazipeleka kwake ziwekwe, si zake, zinarudi kwa mwenyewe. Mi naona, na mi mwenyewe ninaenda kumwambia leo, saa hii, pale kwenye musikiti." Bamama wakageuka kunitazama. Mmoja akaweka kitunga chake chini, akatoka mvuani kumsaidia. Halafu wa pili. Nikarudia tena, kwa nguvu zaidi, jina la mwenyewe na nia ya anayekamata, mpaka walio sokoni wakasikia.

Feza akainua kichwa, maji yanatiririka kwenye nyusi zake, mikono imejaa samaki.

"Nyamaza, weye," akasema. "Utaamusha mutoto."